Pesa Zinazobaki Mpakani

Leo nina jambo la pesa, na si pesa nyingi. Ni ile elfu mbili, elfu tatu, ambayo mtu huipoteza akisafiri nchi ya watu, akaimeza kimya, kisha akirudi nyumbani huwaambia watu kwamba safari ilikuwa njema.

Sisi wa Kakamega hatuhitaji kufika uwanja wa ndege ndipo tuseme tumetoka nje ya nchi. Ukipanda gari asubuhi hapa mjini, ukapitia Mumias, jua halijafika utosini umeshafika Busia, na ng'ambo ya geti ni Uganda. Wengi wetu nchi ya kwanza ya kigeni kuikanyaga ni hiyo. Tuna shemeji huko, tuna watoto wanaosoma Kampala, tuna wafanyabiashara wanaofuata ndizi, njugu na vitenge. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na Wabukusu wa kwetu na Wamasaba wa Uganda husikilizana bila mkalimani. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha kitaifa bila pasipoti. Februari 2018 Rais wetu wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, na Rais Yoweri Museveni wa Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja. Shughuli ya karatasi imekuwa nyepesi kuliko zamani, na hilo ni jambo la kushukuru.

Tatizo ninalolizungumzia halipo ndani ya ofisi hizo. Lipo kwenye zile hatua mia moja na kitu kati ya steji ya matatu na geti. Hapo ndipo utawakuta vijana na wazee wamesimama na mabunda ya noti mkononi, wengine wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwavuli, wanaita: "Mama, unachenji? Boss, Uganda? Kuja nikupatie bei mzuri." Wengi wao ni watu wa halali. Nalisema hili mapema kwa sababu sitaki mtu azime redio akidhani nimewachafua wote. Kuna wanaofanya kazi hiyo miaka na mikaka, wanaojulikana kwa majina, na mfanyabiashara wa mahindi humwachia mmoja wao laki nzima akaenda kunywa chai. Bila watu hawa, biashara ndogo ya mpakani ingekwama, maana benki hufungwa mapema na foleni yake haimngojei mtu aliyebeba kuku kwenye kikapu.

Lakini katikati ya hao wa halali wapo wakora wachache, nao wanaufahamu uso wa mgeni. Wanamtambua kwa mfuko aliouning'iniza begani, kwa jinsi anavyouliza geti liko wapi, kwa jinsi anavyolitazama jua akiona gari la Kampala linajaa. Nataka nikuonyeshe wanavyofanya, polepole, hatua kwa hatua, kwa sababu nimegundua kwamba watu wengi wanadhani anayechezewa ni yule asiyejua kuhesabu. Si kweli. Mchezo mkubwa wa pale umetengenezwa mahususi kwa ajili ya mtu anayehesabu.

Chukulia mama mmoja kutoka upande wa Khayega. Binti yake amejifungua Jinja, naye anakwenda kumwona mjukuu. Ana shilingi 10,000 za Kenya, pesa za chama na nyingine kidogo alizopewa na kaka yake. Anajua bei, kwa sababu alimuuliza mtu kabla ya kuondoka: shilingi moja ya Kenya inatoa 28 za Uganda. Kwa hiyo anatarajia 280,000. Kijana anamkubalia bei hiyo bila ubishi, na anamwita mama kwa heshima zote. Anahesabu noti mbele yake, anamkabidhi. Mama anahesabu mwenyewe, kama alivyofundishwa. Anapata noti 13 za 20,000 na noti moja ya 10,000. Hiyo ni 270,000. Imepungua 10,000.

Anamwambia: "Kijana, hii haijatimia."

Kijana anashtuka. Anaomba msamaha, anajipiga kipaji cha uso kwa kiganja. "Woi, mama, pole sana, nisamehe." Anazichukua zile noti, anazihesabu tena kwa sauti, anakubali kweli zimepungua, anatoa noti ya 10,000 mfukoni na kuiweka juu kabisa, mahali ambapo mama anaiona vizuri. Kisha analikunja lile bunda katikati na kumrudishia. "Sasa imetimia, mama. Weka ndani haraka, hapa kuna wezi."

Mama anaweka ndani, na kwa nini asiweke? Amehesabu, ameona kosa, kosa limerekebishwa mbele ya macho yake, na kijana mwenyewe amemtahadharisha juu ya wezi. Anavuka, anapanda gari, wanapita Bugiri. Iganga anataka kununua maji, anafungua leso. Zile za 20,000 ni 9 tu. Nne hazipo. Wakati macho yake yalikuwa yameifuata ile noti moja iliyokuwa ikiongezwa juu, kidole gumba cha kijana kilikuwa kimezitelezesha nne za chini zikabaki kiganjani. Zimekwenda 80,000 za Uganda, ambazo kwa bei ile ni zaidi ya shilingi 2,800 za Kenya. Na kosa la kwanza, lile la 10,000, halikuwa kosa. Liliwekwa pale makusudi ili mama aligundue.

Msikilizaji, hebu tukae kidogo hapo. Huyo mama hakuzubaa. Alifanya kila kitu ambacho mimi na wewe tungemshauri: aliulizia bei, alihesabu, alisema wazi pesa haijatosha. Tapeli alimngojea mahali baada ya hapo, pale ambapo mtu mwangalifu hupumua kwa kuona uangalifu wake umemsaidia. Ukishalitambua kosa la mwenzako, na mwenzako akalikubali, moyo wako unatulia. Unajiona umeshinda. Dakika hiyo ndiyo anayoitaka.

Sasa tuzungumze juu ya zile sifuri za noti za Uganda. Uganda ina noti ya 1,000, ya 2,000, ya 5,000, ya 10,000, ya 20,000 na ya 50,000. Sisi tumezoea noti yetu kubwa kuliko zote kuwa 1,000. Mtu akipewa rundo lenye sifuri nyingi hivyo, macho yake yanachoka upesi. Ya 5,000 na ya 50,000 zinatofautiana kwa sifuri moja, na jioni, taa zikiwa hafifu, sifuri moja ni kitu kidogo sana. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii: noti yetu ya 1,000 ni ya rangi ya kahawia, na noti ya Uganda ya 1,000 nayo ni ya kahawia. Namba ni ile ile, rangi zinakaribiana, lakini ya kwao inanunua karibu shilingi 36 za kwetu. Anayerudi usiku akiwa amechoka, akabadilisha pesa zake gizani na kurudishiwa noti za Kenya zilizokunjwa mara mbili, anaweza kufika Mumias na noti ambayo haitoshi hata nauli ya boda. Anayezifahamu noti za Uganda hazitazami namba peke yake, anazitazama na picha. Ya 50,000 ni ya manjano na nyuma ina sokwe wa mlimani. Ya 20,000 ni nyekundu na ina ng'ombe wenye pembe ndefu. Ya 2,000 ni ya buluu na ina samaki. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumfundisha nyanya yake haya kwa jioni moja tu.

Bei nayo haikai mahali pamoja. Miaka ya 2018 na 2019 shilingi yetu moja ilikuwa inatoa karibu 36 za Uganda. Mwanzoni mwa 2024, shilingi ya Kenya ilipokuwa imeanguka vibaya mbele ya dola, ilishuka hadi karibu 24. Baadaye ikapanda tena hadi karibu 28. Mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka anakuja na bei ya mwaka jana kichwani, na hapo anakuwa mikononi mwa yeyote mwenye kikokotoo. Nieleweke vizuri: kijana akinunua shilingi yako kwa 27 na kumuuzia mwingine kwa 28 na nusu, huo si utapeli. Hiyo ndiyo faida yake, na benki hufanya hivyo hivyo. Utapeli unaanza pale mnapokubaliana bei moja na kupewa pesa ya bei nyingine.

Kuna wakati mmoja uliowafungulia matapeli wa mipakani mlango, na sharti tuukumbuke. Tarehe 1 Juni 2019, sherehe za Madaraka zikifanyika Narok, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, Patrick Njoroge, alitangaza noti mpya na kusema noti za zamani za 1,000 zitakoma kutumika tarehe 30 Septemba mwaka huo. Miezi minne. Hapa nchini redio zilipiga kelele usiku na mchana, kila mtu akajua. Benki Kuu za majirani zetu, Uganda na Tanzania, nazo zilichukua hatua za kuzuia noti hizo zisikimbilie kwao. Lakini pesa ya Kenya imetapakaa Afrika Mashariki yote, imo ndani ya vibweta na chini ya magodoro ya watu ambao hawasikilizi redio za Nairobi. Muda ulipokwisha, noti zaidi ya milioni 7 zilikuwa hazijarudi, zenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 7, zikawa karatasi tupu. Karatasi tupu kama hizo zinaweza kuingizwa katikati ya bunda zuri, moja au mbili, na kupewa mtu anayerudi nyumbani au mgeni anayeingia Kenya mara ya kwanza. Noti ya 1,000 yenye picha ya jengo la KICC ni mpya. Isiyo nayo, ikatae.

Mchezo huo wa kumpa mgeni pesa iliyokufa haukuzaliwa kwetu. Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki, unatembelewa na mamilioni ya watalii, na kwa miaka mingi wabadilishaji wa barabarani wamekuwa wakiwapa wageni noti za Belarus au noti za Bulgaria zilizokwisha kufutwa, kwa kuwa mgeni anaona maandishi asiyoyajua na namba kubwa, anadhani ndiyo pesa ya pale. Waliochezewa ni Waingereza, Wajerumani, Wamarekani, watu wenye simu za bei na bima ya safari. Kwa hiyo tusijidharau tukidhani haya yanatupata kwa sababu ya ushamba. Mtu yeyote aliye kwenye nchi asiyoizoea, akiwa na haraka, akiwa na pesa asiyoijua sura yake, ni mgeni, na mgeni hubahatisha.

Wala tusimnyooshee Mganda kidole. Ukichunguza pale mpakani utakuta mkora ni Mkenya leo, Mganda kesho, na mara nyingi wanafanya kazi pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Mganda anayeshuka Nairobi kununua bidhaa naye anachezewa na ndugu zetu. Vitabu vya kuwaongoza watalii vimekuwa vikionya kwa miaka mingi juu ya yule kijana wa Nairobi anayejitambulisha kwa mgeni kuwa mwanafunzi mkimbizi, anayepewa chai na pesa kidogo, halafu watu wanaodai ni polisi wanatokea na kumwambia mgeni amempa pesa mhalifu, na sasa lazima atoe faini papo hapo. Hiyo ni aibu yetu, imefanyika kwenye mji wetu mkuu, kwa watu waliotuamini. Mimi inaniuma kuliko ile ya Busia.

Turudi kwa yule mama kwenye gari, kati ya Iganga na Jinja, na leso mkononi. Afanye nini? Gari halirudi nyuma. Akirudi mwenyewe, nauli itakula kiasi kile kile alichopoteza. Kijana jina lake halijui. Tukio lilitokea upande wa Kenya na sasa yeye yuko Uganda, kwa hiyo askari wa Iganga atamwambia aende Busia, na ni kweli ndiko shauri lilipo. Sheria tunayo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 313, inasema anayejipatia mali ya mtu kwa udanganyifu anaweza kufungwa hadi miaka 3. Lakini sheria hiyo inahitaji mlalamikaji, na mlalamikaji anahitajika mahakamani, leo na tena baada ya wiki tatu, kwa sababu ya shilingi 2,800. Tapeli anaijua hesabu hiyo kuliko hakimu. Ndiyo maana haibi 10,000 zote. Anachukua kiasi ambacho kukidai ni ghali kuliko kukisamehe.

Basi mama ananyamaza. Akifika Jinja hamwambii binti yake, hataki kumharibia furaha ya mtoto. Akirudi Khayega hawaambii wenzake wa chama, maana sehemu ya pesa zile ilikuwa yao. Hamwambii kaka yake, maana kaka atasema nilikuambia. Mwezi ujao mwanachama mwingine wa chama hicho hicho anasafiri kwenda Kampala kwa arusi, anapita steji ile ile, anaitwa mama kwa heshima ile ile. Na hakuna aliyemwambia.

Hapa ndipo mimi ninapowalaumu watu, na siwalaumu waliochezewa. Natulaumu sisi wasikilizaji wao. Mtu akitueleza kwamba ametapeliwa, neno la kwanza linalotutoka ni lipi? "Na wewe nawe, ulikuwa wapi?" "Si ungehesabu!" "Tamaa hiyo." Tunacheka. Jina linamganda kijijini, watoto wanamwimbia. Kwa kicheko hicho tunamfanyia tapeli kazi ambayo asingeweza kuifanya mwenyewe: tunaufunga mdomo wa shahidi. Yeye alimnyang'anya pesa mara moja. Sisi tunamnyang'anya ujasiri wa kusema, na bila huo ujasiri mkora anakuja kazini kesho yake asubuhi bila wasiwasi wowote, kwa kuwa hakuna hata uso mmoja unaomtafuta.

Babu zetu hawakuwa na shida hii. Waliotoka hapa kwenda kutafuta kazi Jinja na Kampala enzi za ukoloni walitumia shilingi moja, ile ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921, ambayo ilipokelewa Kakamega, Kampala na Dar es Salaam bila mtu kuuliza bei ya leo. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa shilingi yake. Zikafuatana kwa muda, kisha kila moja ikashika njia yake. Mwaka 1987 Uganda ilibidi iondoe sifuri mbili kwenye pesa yake baada ya thamani kuporomoka, na sifuri hizo zimerudi tena kwa wingi. Tarehe 30 Novemba 2013, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia sahihi Kampala itifaki ya kuwa na sarafu moja, na wakaweka lengo la 2024. Mwaka huo umepita, lengo limesogezwa hadi 2031. Wachumi wanatupa sababu za kuchelewa, juu ya mfumuko wa bei na madeni ya serikali, na sababu hizo ni za kweli. Ila kwenye mizani hiyo mtu aweke pia pesa ndogo ndogo zinazowatoka watu wa kawaida mpakani kila mwaka, kwa bei mbaya na kwa vidole vyepesi. Hakuna bajeti inayoziandika.

Mpaka siku ya sarafu moja ifike, inatubidi tuvuke na akili zetu. Nami sitakupa orodha ndefu, utaisahau kabla ya Mumias. Jambo kubwa ni hili: pesa ikishafika mkononi mwako usiirudishe. Ukihesabu ukaona imepungua, ishike hiyo hiyo uliyopewa, na mwambie akuongezee iliyobaki. "Nipe 10,000 yangu juu." Akisema hapana, lazima azihesabu upya zote, basi naye akurudishie pesa zako za Kenya kwanza, biashara ivunjike, uondoke. Na ikitokea kwa sababu yoyote ile amezishika tena, hata kwa nukta moja, hata kama ni kuzinyoosha tu, hesabu yako ya kwanza imekufa. Anza upya, moja, mbili, tatu, noti moja moja, ikifunguliwa yote ili uone haijakunjwa ikahesabiwa mara mbili. Akianza kukuharakisha, akisema polisi wanakuja, gari linaondoka, hapa kuna wezi, chukua pesa zako uende. Mtu wa halali hana haraka na hesabu, kwa sababu naye anaogopa kukuzidishia.

Ukiweza, nenda kwenye benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, uondoke na risiti. Ukikuta pamefungwa, badilisha kidogo tu, cha nauli na chakula, kingine ubadilishe mchana ukifika. Siku hizi unaweza pia kumtumia jamaa yako wa Uganda kwa simu kutoka kwenye laini yako ya Kenya, akakupa taslimu ukifika. Utakatwa ada, lakini unaiona kabla ya kubonyeza.

Na viongozi wetu wana la kufanya. Serikali ya Kaunti ya Busia na wenzao wa upande wa Uganda wahakikishe kila anayesimama na bunda la pesa pale amevaa kitambulisho chenye namba kubwa, inayosomeka na mtu mwenye macho ya uzee. Yule mama wa Khayega angekuwa na namba, angepiga simu hata akiwa ndani ya gari. Ubao wa bei ya siku uwekwe mahali ambapo abiria anashukia, uandikwe kwa Kiswahili, maana anayehitaji kuusoma kuliko wote ni yule aliyetoka shambani asubuhi. Wabadilishaji wa halali watakuwa wa kwanza kufurahi. Ni wao wanaotukanwa kwa dhambi za wengine.

Namalizia na ombi kwa watu fulani. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, waumini kutoka pande hizi huondoka kwenda Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, ambao wengi wao walichomwa moto 1886. Wapo wanaopanda mabasi, wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi na rozari mkononi. Wanavuka kwa makundi, wengi wao ni wazee na akina mama ambao hawajawahi kutoka Kenya, na sadaka yao wameifunga kwenye leso. Matapeli wanaijua tarehe hiyo pia. Makatekista, wachungaji, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wa vyama vya akina mama: Jumapili moja kabla ya safari, baada ya matangazo ya kawaida, chukueni dakika kumi. Tafuteni noti halisi za Uganda, wapeni watu wazishike, waone sokwe na ng'ombe na samaki. Mmoja acheze kijana wa mpakani, mwingine acheze mama, na ule mchezo wa kidole gumba uonyeshwe mbele ya kanisa lote. Na kama pale ndani yupo aliyewahi kuchezewa Busia au kwenye mpaka wa Malaba, mpeni nafasi aseme, na asiwepo hata mmoja wa kumcheka.